Nani Alipe Damu ya Kyanguli?

Nilipomsimulia mzee mmoja wa hapa Piyaya, kaskazini mwa Tanzania, habari za Shule ya Sekondari ya Kyanguli, hakuuliza wale vijana waliingiwa na nini. Aliuliza: "Mwinjilisti, koo zao zililipa?"

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, huko Machakos, Kenya, bweni lilimwagiwa petroli likawashwa moto wavulana wakiwa wamelala. Walikufa 67. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa mauaji. Watu wakatafuta sababu, wakazipata: matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka 2000 yalikuwa yamefutwa kwa tuhuma za udanganyifu, na palikuwa na manung'uniko ya ada. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Kwetu Wamaasai, mtu akiua mtu, fidia ya damu ni ng'ombe 49, na muuaji haitoi peke yake. Ukoo unachanga. Ndugu aliyekuwa Malambo akinywesha mifugo, asiyejua lolote, naye anaswaga mtamba wake. Mkristo anaweza kuona hii ni dhuluma, maana Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kabisa mwana abebeshwe uovu wa baba yake. Mbele ya hukumu ya Mungu naamini hivyo hivyo. Aliyewasha moto alikuwa na akili zake, na ada haishiki kiberiti. Naogopa maelezo yanayorundika sababu mpaka muuaji mwenyewe haonekani tena.

Lakini Torati ina jambo jingine, nalo wazee wetu hulielewa upesi kuliko wasomi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, maiti ikikutwa kondeni na muuaji hajulikani, wazee wanatoka kupima umbali hadi miji ya jirani. Mji ulio karibu zaidi ndio unaotoa mtamba asiyewahi kufungwa nira. Anavunjwa shingo bondeni, wazee wananawa mikono juu yake na kumwomba Mungu. Hawakuua. Wanaitwa kwa kuwa walikuwa karibu. Na mfugaji anajua mtamba ni nini: ni maziwa na ndama wa miaka ijayo.

Basi tupime. Kyanguli, aliye karibu na maiti zile ni yule aliyefunga mlango, na aliyeamua kwamba dirisha la watoto waliolala liwekwe nondo. Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, kijana wa miaka 18 aliwaua kwa risasi watoto 19 na walimu wawili shuleni. Bunduki alizinunua kihalali, siku chache tu baada ya kutimiza umri huo. Askari walikaa kwenye korido zaidi ya saa moja kabla ya kumkabili. Sheria iliyomruhusu kununua iko karibu sana na watoto wale, hata kama hakuna mtunga sheria aliyekuwa darasani.

Wapo hapa wanaosema hayo ni mambo ya Kenya na Marekani, sisi tuna enkanyit, heshima yetu. Sikubali. Kila boma lina mkuki na sime, na Loliondo tumeshazika watu waliouawa kwa risasi katika ugomvi wetu na jirani zetu Wabatemi. Heshima haikuzuia. Kinachomzuia morani mara nyingi ni rika lake. Hanywi maziwa peke yake, hali nyama peke yake, na kwa hiyo hata hasira yake ina wenzake wanaoiona mapema na kumkalisha chini. Mtoto tunayempeleka bweni tumemtoa kwenye rika kabla hajalifikia. Tunamkabidhi na sanduku lake la bati, tunarudi kwa ng'ombe, tunaonana likizo. Akianza kunyamaza, anayegundua ni nani? Mwalimu wa zamu ana watoto wengi mno, na mama yuko mwendo wa siku nzima.

Yule mzee nilimjibu kwamba hakuna ukoo uliochanga ng'ombe, kesi ilikwenda mahakamani. Akasema mahakama inashughulika na wawili, na waliokufa ni 67. Sikuwa na la kumjibu. Kikao cha kamati ya shule kitakapoitwa nitaomba mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: nani anashika ufunguo wa bweni usiku, na mtoto mwenye uchungu anakwenda kwa nani, kwa jina.