Wewe Ungeshika Nini?

Stima ilipotea Ijumaa saa moja na nusu usiku, na kama kawaida ya ploti yetu hapa Umoja, watu wakapanda juu kwenye kamba za nguo kutafuta upepo na netiwaki. Tulikuwa sita. Mmoja wetu alikuwa amemaliza kutazama All of Us Are Dead, ile tamthilia ya Wakorea ya 2022 ya wanafunzi waliozingirwa na mazombi shuleni, na kichwa chake kilikuwa bado huko. Akatuuliza: mazombi wakiingia Nairobi usiku huu, wewe utashika silaha gani?

Hili swali ni tamu sana. Halitaki digrii, halitaki pesa, na kila mtu anajiona mtaalamu. Bunduki tuliitupa mapema. Nani hapa ana bunduki? Na hata ukiiokota, mlio unaita mazombi wote wa mtaa, halafu risasi zikiisha umebaki na rungu la bei ghali. Jamaa mmoja akasema yeye atachukua gari, tukamcheka, maanake Jogoo Road hata bila mazombi hakuendeki. Mwingine akasema mafuta ya taa na kiberiti. Hapo tukabishana vizuri. Zombi haogopi moto wala hasikii uchungu, kwa hivyo ukimchoma hujamzuia, umemgeuza mwenge unaotembea, na sasa anaingia kibandani kwa mama mboga akiwaka. Dada wa ghorofa ya pili akataja mchi wa kinu: mzito, hauhitaji kunolewa, na kila aliyelelewa na nyanya anajua kuushika. Slasha nayo ilipata kura, kwa sababu nusu yetu tulisoma bweni na tumefyeka nyasi kama adhabu hadi viganja vikatoka malengelenge.

Lakini mshindi alikuwa panga. Lazima. Haliishiwi na risasi, halina kelele, na kama huna lako unajua la jirani liko wapi. Hata Wamarekani, ambao bunduki si shida kwao, wamelifikiria hili jambo kwa dhati. Max Brooks alitoa kitabu kizima cha mwongozo wa kuishi na mazombi mwaka 2003, na amepima silaha humo kama fundi anayelinganisha misumeno. Kwa hivyo tulikuwa tumefika mahali pazuri, tunajadili urefu wa mpini, mtu akionyesha kwa mkono jinsi atakavyokata shingo.

Ndipo jamaa ambaye hakuwa amesema kitu akasema, "Mkono huchoka haraka kuliko mnavyofikiria."

Tukacheka. Mtu akamuuliza amejuaje. Akasema yeye ni wa Burnt Forest, na Januari 2008 alikuwa darasa la tatu. Akaongeza, kwa sauti ileile ya mtu anayeomba chaja, "Aliyekuja kwetu na panga ndiye alikuwa akituletea maziwa."

Sitaki kuandika kwamba kimya kilitanda, ingawa kilitanda. Nataka kuandika nilichofikiria baada ya hapo, kwa sababu sijaacha kukifikiria.

Mchezo wa silaha ya zombi una raha kwa sababu swali gumu limeshajibiwa kabla hatujaanza. Swali gumu ni hili: huyu anayekuja ni mtu? Kwenye mchezo jibu ni hapana, tumepewa bure. Ana uso wa mtu, amevaa yunifomu ya shule, pengine ni mjomba wako, lakini si mtu tena. Mradi si mtu, hakuna dhambi, hakuna kesi, hakuna mama yake wa kumwangalia usoni kesho. Kinachobaki ni ufundi tu: panga ama mchi, shingo ama kichwa.

Katika maisha hakuna anayetupa jibu hilo. Watu hujipa wenyewe, na mara nyingi huanza na neno. Rwanda waliitana mende. Kwetu Bonde la Ufa lilikuwepo neno madoadoa. Liangalie vizuri hilo neno. Halina damu. Doa unalipata kwenye shati, unalifua, unaendelea na siku yako. Mwaka 2022, uchaguzi ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki, na najua watu walioona ni mzaha, ati sasa hata lugha ya sabuni imekuwa hatia. Lakini neno huja kwanza, panga huja nyuma yake. Mtu hatoki nyumbani na panga akiwa bado anamwita jirani jina lake.

Niseme pia, ili tusidanganyane, kwamba panga peke yake si hadithi yote ya 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133, na zaidi ya theluthi yao waliuawa kwa risasi. Kwamba wengi wetu tukikumbuka tunaona panga, nadhani ni kwa sababu panga ni chombo cha nyumbani. Ndilo lililokata ua wa shamba wiki iliyopita, ndilo lililomenya miwa ya watoto.

Kuna atakayesema nimekuja kuharibu raha. Wacha watu wacheze, filamu ni filamu. Nakubali, mimi mwenyewe nazipenda na nitaendelea kuzitazama. Kupenda mazombi hakumfanyi mtu muuaji. Na sisemi mtu asijitetee. Anayekujia akitaka kukuua, sijui dini inayokutaka usimame tu umsubiri. Ninachosema ni kwamba silaha si swali la kwanza, na tunalipenda kwa sababu linatuondolea lile la kwanza.

Ajabu ni kwamba wale walioanzisha mchezo wenyewe walilijua hili. Filamu iliyotupa zombi huyu wa leo, anayekula watu na kutembea makundi makundi, ni Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Shujaa wake ni Ben, mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Usiku kucha wanagombana ndani ya nyumba kuhusu mlango tu: wajifungie stoo ya chini ama wabaki juu? Kuna wakati Ben yuko nje na mazombi, na mwenzake wa ndani anakataa kumfungulia. Anaponea. Kunapambazuka, wanakuja wanaume na bunduki kusafisha eneo, wanaona kichwa dirishani, wanapiga. Ni Ben. Hakuna aliyemuuliza jina. Walikuwa na silaha nzuri na shabaha nzuri, kila kitu tulichokuwa tunatafuta pale juu ya paa.

Ukirudi nyuma zaidi, hadi Haiti ambako zombi alitoka, unakuta hali nyingine kabisa. Zombi wa Haiti hali mtu. Ni maiti aliyefufuliwa na mchawi ili afanye kazi bila mshahara na bila kulalamika. Nchi ile ilijengwa kwa watumwa kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa, wakajikomboa na kupata uhuru 1804, kwa hivyo unaelewa jinamizi lao: si kuliwa, ni kufa halafu hata kifo kisikuachilie kutoka shambani. William Seabrook aliwapelekea Wamarekani hadithi hizo kwa kitabu mwaka 1929, na 1932 Hollywood ikatoa White Zombie, ambayo ina mazombi wanaosukuma kinu cha sukari. Sasa, katika hadithi za kwao, unamfanyaje zombi? Unampa chumvi. Akionja chumvi anazinduka, anajua yeye ni nani na amefanywa nini, na anarudi kaburini kwake kupumzika. Anayepaswa kuogopa hapo ni mwenye shamba.

Nilipowaambia hii ya chumvi, dada wa mchi alisema ni nzuri lakini haitamsaidia mtu kwenye ngazi za ploti saa nane usiku. Ana haki. Jirani aliyeshika panga humrushii Kensalt.

Basi tukamgeukia yule jamaa wa Burnt Forest. Wewe ungeshika nini? Tulidhani hatajibu. Alisema yeye angechukua kufuli.

Akatueleza. Siku ile kabla ya yule wa maziwa kufika, mama mmoja wa jirani, wa upande uleule wa waliokuwa wanakuja, aliwaita yeye, mama yake na dada zake wawili, akawaingiza kwenye stoo yake ya mahindi. Halafu akawafungia kwa nje. Kufuli kubwa, mtu yeyote akitazama anaona stoo imefungwa, mwenyewe yuko hapo, hakuna kitu. Akachukua kigoda, akakaa mbele ya mlango, akawa anatoa maharagwe kwenye maganda. Wanaume walipofika wakamuuliza, akadanganya. Wakauliza tena, akadanganya tena, akawatukana juu yake kwa kumpotezea wakati. Walikaa ndani siku mbili. Yeye kama mtoto hakuwaogopa wale wa nje peke yao, alimwogopa pia yule mama, maanake ufunguo alikuwa nao yeye.

"Alikuwa na panga," akasema. "Lilikuwa ukutani, ndani na sisi. Mama yangu alilishika siku zote mbili."

Mtu akauliza kama mama yake angelitumia. Akasema hajawahi kumuuliza. Na yule mama wa jirani je, yuko wapi sasa? Yuko palepale. Kila Desemba humpelekea sukari na majani chai, na hawajawahi kuzungumza kuhusu stoo hata siku moja. Yule wa maziwa pia yuko. Bado anauza maziwa.

Stima ilirudi karibu saa nne. Taa za mtaa ziliwaka zote kwa pamoja, watoto huko chini wakapiga kelele, na kila mtu akaanza kutafuta slipa zake.