Watoto Waalikwe Arusini?

Mvua zikiisha na baridi ya mwezi wa sita ikiingia, Jumamosi za Lubumbashi huwa siku za arusi. Motokari zinapiga honi toka komini ya Kenya mpaka Kamalondo, na kanisani ndoa hufuatana moja baada ya nyingine. Lakini majuma mengi kabla ya siku ile, jamaa wa bwana arusi na jamaa wa bibi arusi wamekwisha kukaa na karatasi na kalamu, wakihesabu viti. Hapo ndipo linapozuka swali linaloonekana dogo, nalo limegombanisha ndugu wengi: Je, watoto tuwaalike, ama tusiwaalike?

Pengine msomaji atasema: Swali hili ni la wenye karamu, halihusu dini. Sisi hatuoni hivyo. Mlango wa mtu huonyesha imani yake: anamfungulia nani, na anamfungia nani. Basi tulitazame jambo hili polepole, tukiwasikiliza wote wanaoshindana.

Tuanze na wale wasemao hapana. Si watu wenye roho mbaya. Ukumbi wenye viti 200 hauna kiti cha 201. Kila kiti kina sahani yake na chupa zake. Ndugu wametoa michango, kila mmoja kadiri ya mfuko wake, na wengine wamekopa. Tena karamu huanza usiku, na mara nyingi huchelewa. Pombe inanywewa, muziki unanguruma, na mtoto wa miaka sita anasinzia chini ya meza huku mama yake akitafuta njia ya kumrudisha Ruashi saa saba ya usiku. Ndiyo sababu kadi nyingi huandikwa kwa Kifaransa neno moja tu, «couple», yaani mume na mke, basi.

Hayo yote ni kweli, wala hatuyadharau. Mtu anayejifunga deni la miaka miwili ili kulisha watu usiku mmoja hajamtendea mema mke wake. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisikitika kuona wachumba wakimaliza mali na nguvu zao katika kadi, nguo na karamu, hata wakafika altareni wamechoka na furaha imewaisha. Tena mzazi mwenye akili hampeleki mtoto mahali ambapo wakubwa wanalewa na kusema maneno ya aibu. Bwana wetu alikuwa na maneno makali sana juu ya mtu amkwazaye mtoto mdogo.

Sasa tuwasikie wale wasemao ndiyo. Hao hutukumbusha kijiji. Iwe ukoo ulihesabiwa kwa mama, kama kwa Wabemba na Walamba, au kwa baba, kama kwa Waluba wa Katanga, ndoa ilikuwa shauri la koo mbili, na watoto walikuwa watu wa ukoo. Ngoma ilipopigwa uwanjani, watoto walikuwapo. Walitumwa maji na kuni, walikwangua vyungu, walicheza pembeni wakiwaiga wakubwa. Hakuna aliyewapa kadi, wala hakuna aliyewafukuza. Kwa kutazama tu walijua nani ni mjomba, nani ni shangazi, nani hupokea mahari, au mali kama tusemavyo huku, na kwa sababu gani. Bwana wetu mwenyewe aliwataja watoto waliokaa sokoni wakiigiza arusi na matanga. Bila shaka alikuwa ameiona michezo yao.

Wote wawili wanasema kweli. Tofauti ni hii: uwanja wa kijiji hauna mlango, na ukumbi wa mji unao. Penye mlango ni lazima mtu achague, na mwenye kuchagua hana budi kujua anachagua kwa sababu gani.

Hapa Lubumbashi tuna jambo letu la kukumbuka. Mji huu ulipoanza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, wengi wa wafanyakazi wa Union Minière waliletwa kutoka mbali kwa mkataba wa miezi michache, pasipo wake wala watoto. Walilala kambini, wakahesabu siku, wakarudi kwao. Ni karibu na mwaka 1928 ndipo kampuni ilipoanza kuwataka waje na wake zao, wakae. Ilifanya hivyo kwa faida yake, maana kutafuta watu wapya kila mara kulikuwa ghali. Lakini tangu hapo pakawa na shule, na ubatizo, na kelele za michezo barabarani. Mahali pasipo watoto ni kambi; watu hupita tu. Watoto walipokuja, kambi ikawa mji. Ingekuwa ajabu kama sisi, wajukuu wa watu wale, tungetaka kurudisha desturi ya kambi siku ileile nyumba mpya inapoanzishwa.

Tena Kanisa nalo limekwisha kulijibu swali linalofanana na hili. Kwa muda mrefu, katika nchi nyingi, mtoto hakupokea Komunyo mpaka afike miaka 12 au hata 14. Watu walisema: Hajui maana yake, angoje akue. Mwaka 1910, mwaka uleule wa kuanza kwa mji wetu, Papa Pius wa Kumi aliamuru kwamba mtoto wa miaka saba hivi, akiweza kupambanua Mkate Mtakatifu na mkate wa kawaida, asizuiwe. Hatusemi kwamba kuku na soda za ukumbini ni sawa na Meza ya Bwana. Twasema hivi tu: neno «hajui maana yake» ni neno la kuliangalia sana kabla ya kumfungia mtoto mlango kwa ajili yake.

Basi, tunawajibu nini jamaa waliokaa na kalamu yao?

Jibu letu laanzia altareni. Kabla ya kupokea ahadi za ndoa, padre huwauliza wale wawili kama wako tayari kuwapokea kwa upendo watoto ambao Mungu atawajalia. Nao hujibu, mbele ya watu wote, kwamba wako tayari. Hilo si pambo la ibada. Asubuhi, basi, wameahidi kuwapokea watoto. Je, jioni watoto wafukuzwe mlangoni kama mbuzi walioingia shambani? Hatusemi ahadi ile yamlazimisha mtu kununua viti vya watoto wote wa mtaa. Lakini yamlazimisha aone kwamba watoto ni sehemu ya jambo lenyewe, wala si gharama ya ziada tu. Mgeni wa kawaida huja kushangilia ndoa. Mtoto huja kujifunza ndoa. Na kama asipojifunza kwetu, atajifunza kwa nani?

Kwa hiyo twatenganisha karamu na arusi. Karamu ya usiku ni kipande kimoja cha arusi, nacho ndicho kidogo kuliko vyote. Kuna siku ya kupeleka mali, kuna siku ya komini, kuna Misa, kuna chakula cha mchana nyumbani. Anayesema «hakuna watoto ukumbini» ana haki yake. Anayesema «hakuna watoto arusini» amevuka mpaka.

Wakati wa Misa milango ya kanisa iko wazi kwa kila mtu, wala hakuna mwenye mamlaka ya kuifunga kwa kadi. Watoto waje, wakae karibu, mahali wanapoweza kuona mikono ya bwana arusi na bibi arusi ikishikana. Mchana, katika ua wa nyumba, wapikiwe bukari na sombe, na samaki wakipatikana. Gharama yake ni ndogo kuliko meza moja ya ukumbini. Bibi arusi apite kwao awasalimu. Usiku, wakubwa waende ukumbini kwao kwa amani.

Lakini sharti liwe moja kwa wote. Hapa ndipo tunapokosa mara nyingi. Mlinzi anaambiwa awazuie watoto, naye anamzuia mtoto wa mama muuza mkaa. Mara anafika mkubwa wa kazi na watoto wake watatu, na viti vinapatikana. Mtakatifu Yakobo aliwakemea Wakristu wa kwanza kwa sababu kama hiyo: tajiri mwenye pete ya dhahabu akionyeshwa kiti kizuri, maskini akiambiwa asimame. Mtoto aliyefukuzwa huku akimwona mwenzake akiingia hatasahau. Kama nafasi hakuna, isiwepo kwa wote, ila tu kwa watoto wachanga wanaonyonya, maana hao na mama zao ni mtu mmoja.

Tuseme neno pia juu ya wale wawili wadogo waliovaa nguo nyeupe, wanaotangulia na maua na pete. Wanapendeza, nasi hatuna neno juu ya desturi hiyo. Lakini arusi inayowapiga picha watoto wawili na kuwafukuza arubaini ijihoji. Isije ikawa tunawataka watoto kama maua, wala hatuwataki kama watu.

Wageni nao wana wajibu wao. Ukiandikiwa kadi ya wawili, usije na sita, ukimtegemea mwenye arusi aone haya kukurudisha. Huko ni kumwibia kwa adabu. Tena ukienda karamuni, usimwachie binti wa miaka kumi wadogo zake wanne mpaka usiku wa manane kwa sababu eti «ni mkubwa». Yeye pia ni mtoto. Katika nyumba nyingi binti huyo huonekana siku ya kufua tu, na siku ya furaha husahauliwa.

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko viti. Katika mji wetu wengi hufika kanisani baada ya kukaa pamoja miaka mingi, wakitafuta mali ya kuwapa wakwe. Wana watoto wawili au watatu tayari. Wengine, bibi arusi alizaa kabla hajajuana na mwanamume huyu. Siku ikikaribia, ndugu mmoja hunong'ona: «Mtoto huyu apelekwe kwa nyanya yake Likasi mpaka mambo yaishe. Watu watasema nini?» Na mtoto anafungiwa nguo zake, anapelekwa. Anarudi baada ya juma, anaziona picha ukutani, na yeye hayumo.

Ndugu wasomaji, mtoto wa miaka minane si mjinga. Amefahamu kwamba siku ya furaha ya mama yake ilikuwa siku ya kumficha yeye. Hakuna sahani ya kuku itakayomfuta jambo hilo moyoni.

Huenda mtu akasema: Je, kumweka mbele si kuwafundisha wasichana kwamba utaratibu wa ndoa hauna maana? Swali hili ni la haki, wala hatulipuuzi. Lakini tuangalie vema. Wale wawili wamekuja kanisani kwa sababu utaratibu una maana. Makosa yao, kama yapo, wameyapeleka katika kitubio. Mtoto si kosa. Mtoto ni mtu aliyebatizwa au anayengoja ubatizo. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1139, yasema kwamba wazazi wakifunga ndoa baadaye, watoto wao waliozaliwa kabla huhesabiwa halali kwa ndoa hiyo. Na sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, yasema kila mtoto wa Kongo sharti awe na baba, wala hakuna ruhusa ya kumkana mtoto kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa. Kanisa linamfungulia mlango, serikali inamfungulia mlango. Je, sisi ndugu zake tuufunge?

Na kama ni mtoto wa baba mwingine? Hapo busara inatakiwa zaidi, na wazee wa pande zote mbili wakae wasemezane mapema. Lakini busara si uongo. Mwanamume anayemwoa mama huyo anaingia katika maisha yenye mtoto. Ni heri aingie macho wazi, mbele ya watu, kuliko kuanza ndoa kwa kuficha. Tumewaona wanaume waliomshika mkono mtoto asiye wao wakatoka naye kanisani. Hakuna aliyewacheka. Wazee walipiga vigelegele zaidi.

Injili haisemi kama watoto walikuwako katika arusi ya Kana. Lakini twajua jinsi Bwana alivyochukizwa na wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimfikie. Wanafunzi wale nao walikuwa na sababu zao: Bwana amechoka, watu ni wengi, nafasi haitoshi. Ni sababu zilezile zetu.

Basi mkikaa na karatasi yenu na kalamu, hesabuni viti, maana kuhesabu si dhambi. Lakini kabla ya kuandika jina la mkubwa yeyote wa kazi, andikeni kwanza majina ya watoto wa nyumba yenu wenyewe, na kando ya kila jina mwandike ni saa gani ya siku ile mtoto huyo atakuwa pamoja nanyi. Likibaki jina moja lisilo na saa, karatasi yenu haijakamilika.