Khataba na Hikma

Elimu ya kusema na watu hata wakakubali, Waarabu huiita khataba. Nayo si balagha, ijapokuwa ni jamaa yake. Balagha ni kuleta maneno fasihi yanayolingana na hali ya msikizaji. Khataba ni kuyatumia ili moyo wake ulikubali jambo. Ama hikma, ndiyo falsafa, kazi yake ni kulitafuta jambo lenyewe. Mwenye hikma huuliza, “Ni kweli?” na khatibu huuliza, “Watakubali?” Katika maswali haya mawili ndimo zitokamo kheri na shari za ulimi.

Plato wa Uyunani, ambaye Waarabu humwita Aflatun, aliilaumu khataba katika kitabu chake Gorgias, akaifananisha na upishi: mpishi hutafuta ladha, tabibu hutafuta afya. Mwanafunzi wake Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Masihi, hakuikataa, bali aliitungia kitabu. Kwani haki ikishindwa kwa kukosa msemaji, lawama ni ya wenyewe.

Ibn Rushd wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1198, alikuwa kadhi na mwanafalsafa pamoja, naye alikifasiri kitabu hicho. Katika Fasl al-Maqal aliitolea dalili aya ya 125 ya Sura An-Nahl, iliyotaja hikma, mawaidha mema na mjadala ulio bora. Watu hawalingani katika kusadiki: wachache huipata kweli kwa burhani, wengine kwa mjadala, na walio wengi kwa khataba. Basi khataba ni mlango. Nyumba ni kweli yenyewe.

Mtu akiuliza: Yawaje basi mwenye ulimi kumshinda mwenye haki? Jawabu imo katika Hadithi ya Ummu Salama, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwaonya wenye kugombana mbele yake kwamba huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa yasikiwayo. Na apewaye haki ya nduguye hivyo, amekatiwa kipande cha Moto. Kwa hiyo katika madhehebu ya Imamu Shafii hukumu ya kadhi hupita kwa dhahiri, si kwa batini. Ulimi waweza kumpa mtu shamba la mwenziwe. Hauwezi kumhalalishia hata nazi moja ya shamba hilo.

Wajibu, basi, ni wa watu wawili. Msemaji ajue kwanza, kisha apambe. Wala asilipambe asilolijua. Na msikizaji asisahau kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kabla hajakubali, ayavue maneno mapambo yake, ayaseme upya kwa lugha ya sokoni, kisha atazame: hoja ingaliko? Ikiwa ingaliko, amshukuru aliyempambia. Ikiwa imetoweka pamoja na mapambo, ajue ameuziwa sanduku tupu.

Wallahu aalam.