Darubini na Swali la Kuliamini Jicho

Mwaka 1608 Hans Lipperhey, fundi wa miwani wa Middelburg nchini Uholanzi, aliomba hataza ya chombo cha kuonea vitu vya mbali. Alinyimwa, kwa kuwa wengine, akiwemo Jacob Metius, walidai ujuzi huohuo.

Galileo Galilei alikiboresha chombo hicho hadi kikakuza takriban mara 20, na Januari 1610 aliona miezi minne ya Mshtarii. Hapo likazuka swali zito: jicho likisaidiwa na kioo, linaona ukweli au linaona kazi ya kioo? Cesare Cremonini, mwanafalsafa wa Padua, alikataa hata kuchungulia. Ni rahisi kumwita mkaidi, lakini shaka yenyewe haikuwa ya kipuuzi: lenzi za wakati ule zilipotosha umbo na rangi, na hakuna aliyeweza kupanda mbinguni kuhakikisha. Kilichoiondoa shaka ni watu wengi kutazama kwa vyombo vyao wenyewe. Kufikia 1611 Wajesuiti wa Roma, akiwemo Christopher Clavius, walikuwa wamethibitisha miezi ile.

Hata hivyo, kuona ni jambo moja na kufasiri ni jingine. Wajesuiti waliikubali miezi bila kukubali kwamba dunia hulizunguka jua, kama Galileo alivyoshikilia. Mwaka 1615 Galileo alitetea kwamba Maandiko yaliletwa kwa ajili ya wokovu, si kufundisha elimu ya nyota. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, lakini haikumwokoa: mwaka 1633 Kanisa lilimhukumu kwa msimamo huo kuhusu dunia na jua. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kosa la wanateolojia wa wakati ule mwaka 1992.