MKATABA WA GESI YA LINDI USOMWE NA WENYE NCHI

Wengi wenu mlioko Bukoba, Moshi au Sumbawanga huenda mwajiuliza gesi ya Lindi yawahusu nini. Yawahusu sana. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Taifa ulitokana na gesi asilia, na gesi hiyo yatoka kisiwani Songo Songo, wilaya ya Kilwa, na Mnazi Bay huko Mtwara. Mama anayewasha taa jioni ili watoto wasome Katekisimu amekwisha kuingia katika habari hii, ajue asijue. Tena ile iliyogunduliwa tangu mwaka 2010 katika kilindi cha bahari, mbele ya Lindi na Mtwara, yaipita hiyo mara nyingi. Serikali huihesabu gesi yote ya nchi kuwa futi za ujazo trilioni 57 na zaidi.

Ili gesi hiyo iuzwe ng'ambo yapasa ipozwe hata ifikie digrii 162 chini ya sifuri. Hapo hugeuka kuwa kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600, ikaweza kupakiwa melini. Kiwanda cha kazi hiyo kimepangwa kujengwa Likong'o, karibu na mji wa Lindi, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 42 za Kimarekani. Tarehe 11 Juni 2022, mkoani Dodoma, mkataba wa awali ulitiwa sahihi kati ya Serikali na kampuni za Equinor ya Norway na Shell ya Uingereza, pamoja na washiriki wao, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mwezi Mei 2023 ikatangazwa kwamba mazungumzo ya mkataba wenyewe yamefika mwisho. Mwaka huo ukapita, na mwaka 2024 nao ukapita, pasipo sahihi. Watu wa Likong'o, ambao mwaka 2020 walilipwa fidia wakaacha mashamba yao, wakabaki kungoja.

Katika mabishano juu ya jambo hili twasikia sauti mbili. Wengine wasema: itiwe sahihi upesi, maana jirani zetu wa Msumbiji wametutangulia, na dunia yaanza kuacha mafuta na gesi. Wengine wasema: heri ikae chini hata wajukuu wetu waje kuichimba wenyewe. Sisi hatusimami na hawa wala na hao, kwa sababu wote wanabishana juu ya karatasi ambayo hawajaisoma. Mvuvi wa Kilwa Kivinje hanunui wavu kabla hajaukunjua. Je, Taifa zima linunue mbuzi kwenye gunia?

Pwani hii yajua mikataba tangu zamani. Mwezi Septemba mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia muhuri mkataba na Mfaransa mmoja, jina lake Jean-Vincent Morice, aliyekuwa mfanya biashara. Masharti yake yamehifadhiwa hata leo: kila mwaka Mfaransa apate watumwa 1,000, kwa bei ya piastre 20 kila mmoja, na Sultani apate piastre 2 kwa kila kichwa, na mapatano hayo yadumu miaka 100. Mkataba ule ulikuwa na pande mbili, ukawa na bei, muda na sahihi. Ukiutazama kama mwanasheria, haukukosa kitu. Lakini watu elfu moja wa kila mwaka, ambao ndio waliokuwa bidhaa, hawakuwa upande wa kwanza wala upande wa pili. Twaomba msomaji asiharakishe kuwanyoshea kidole Waislamu wa Kilwa, kwa kuwa huyo mnunuzi alitoka katika ufalme uliojiita wa Kikatoliki. Hatusemi kuwa gesi ni watumwa, wala kwamba viongozi wa leo ni wauza watu. Tunachosema ni kwamba muhuri peke yake haujapata kuufanya mkataba kuwa wa haki. Yatupasa tuulize pia ni nani waliokuwapo, na ni nani waliofichwa.

Maandiko Matakatifu yana habari inayofaa kufikiriwa hapa, nayo imo katika sura ya tisa ya kitabu cha Yoshua. Wagibeoni walikuja kambini kwa Waisraeli wamevaa viatu vilivyochakaa, wamechukua mkate mkavu wenye ukungu, wakajifanya watu wa nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli wakavionja vyakula vile, wakaridhika, wakafanya agano na kuapa pasipo kumwuliza Mungu. Baada ya siku tatu ilijulikana kwamba wale walikuwa majirani wa karibu, na jamii yote ikawanung'unikia wakuu wake. Wengi huishia hapo wanaposimulia, lakini mafundisho makubwa yako mbele. Wakuu hawakulivunja agano. Walikuwa wameapa, na kiapo kikawafunga, ijapokuwa kilipatikana kwa hila. Tena mfalme Sauli alipokidharau kiapo hicho baada ya vizazi vingi, njaa ya miaka mitatu iliipata nchi siku za Daudi.

Hapa ndipo tunapowajibu wale wanaosema, tieni sahihi tu, mambo yakiharibika tutaupasua. Mkataba ni neno la Taifa. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kuliruhusu kupitia upya masharti dhalimu katika mikataba ya mali ya asili, na sisi tulikuwa miongoni mwa wengi waliofurahi. Dawa hiyo ni chungu, haifai kufanywa chakula cha kila siku. Mwenye kujua kwamba neno lake litamfunga hulitafakari kabla halijatoka kinywani, na jamii ya Israeli ilinung'unika siku ya nne kwa sababu siku ya kwanza haikuulizwa.

Nasi tumekwisha kuionja siku ya nne. Katikati ya mwaka 2014 masharti ya mkataba mmoja wa kugawana gesi ya bahari kuu yalivuja, na kwa njia hiyo ya uchochoroni ndipo wananchi walipojua mgawo ulivyopangwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru wakuu wawili wa shirika la umma la petroli wakamatwe, kwa kuwa mikataba 26 iliyotakiwa na Bunge haikukabidhiwa. Yaani hata wawakilishi wa watu walinyimwa! Mwaka 2015 ikatungwa sheria inayoamuru mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Sheria hiyo ipo. Twataka itiiwe kwa roho yake, mambo makuu yatolewe kabla ya sahihi, wala yasingoje wino ukauke.

Na gharama ya kuchelewa kuwaambia watu twaijua. Mwaka 2013 huko Mtwara, kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, nyumba zilichomwa na watu walipoteza maisha. Hatuwezi kuwatetea waliochoma moto, maana Amri ya Tano haina likizo wakati wa hasira. Lakini yatupasa kukiri pia kwamba mtu anayejifunza juu ya mali ya kwao kwa kuona mabomba yakishushwa kwenye malori hutafsiri ukimya kuwa wizi, hata kama hakuna aliyeiba.

Wala si gesi tu. Mto Mkuju wa Namtumbo, ambako shirika la Kirusi la Rosatom linashughulikia madini ya urani, yaani yale yanayotumika katika mitambo ya nyuklia, huteremka kwenye Luwegu, na Luwegu ni chanzo kimojawapo cha Rufiji, ambao delta yake iko kaskazini tu ya Kilwa. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Selous ulirekebishwa kwa ajili ya mgodi huo. Tarehe 30 Julai 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa na Rais. Wavuvi wa kamba katika delta wana haki gani ya kujua maji yatapimwa na nani, na mara ngapi? Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2015, katika waraka wake Laudato si', kwamba wakazi wa mahali wapewe nafasi ya pekee katika mashauri ya namna hii. Wapimaji wa maji na wachumi tuwaachie kazi yao. Haki hiyo ya kujua twaidai sisi sote.

Tutaambiwa kwamba biashara ina siri zake. Ndiyo, bei ya mnunuzi fulani yaweza kufichwa kwa muda. Lakini mgawo wa Serikali, kodi, muda wa mkataba, mahakama ya kuamua ugomvi, na ahadi ya kutobadili sheria si siri za mfanya biashara, kwa kuwa hizo ndizo zitakazowafunga watoto wanaobatizwa Jumapili hii. Tutaambiwa pia kwamba Kanisa laingilia siasa, kama walivyoambiwa Maaskofu wetu mwezi Agosti 2023 kwa tamko lao juu ya mkataba wa bandari. Amri ya Saba haikuandikwa kwa wezi wa kuku peke yao.

Basi akina baba na mama wa familia, mwulizeni diwani na mbunge wenu, kwa adabu, na mwulize tena asipojibu. Mwulizeni hasa jambo moja dogo: mkataba huu utaandikwa kwa lugha gani? Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Mzee wa Likong'o, aliyezaliwa katika lugha hiyo, asilazimike kumtafuta mjukuu aliyesoma sekondari ili ajue bahari yake imeahidiwa nini. Siku utakapotolewa, sisi tutauchapa katika ukurasa huu, kifungu baada ya kifungu, kwa Kiswahili, ijapokuwa utachukua matoleo kumi.