Mungu Hashushwi kwa Winchi



Likizo iliyopita nilifika nyumbani nikamkuta mdogo wangu amejifungia chumbani. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka wiki hiyo, na yeye alikuwa amepata divisheni ziro. Mama alikuwa amesali novena nzima kwa ajili ya mtihani ule. Mimi nilimwombea kila siku kwenye kikanisa cha seminari. Nikagonga, nikaingia. Amelala chali, simu kifuani, hedifoni masikioni, na hata pale mlangoni nilisikia magitaa yakinguruma. Nikachukua simu nione ni nini. Kwenye kioo yameandikwa maneno ya Kilatini: Deus Ex Machinae.

Nikasema kwa sauti ya kifrateri kabisa, "Ndiyo maana! Unasikiliza mambo ya kishetani halafu unategemea kufaulu?"

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Fra, umesikiliza hata wimbo mmoja?"

Sikuwa nimesikiliza. Digrii ya falsafa ninayo, somo la mantiki nilifaulu vizuri, na bado nilikuwa nimehukumu kitu kwa jalada lake. Katekisimu, namba 2477, inataja kosa hilo waziwazi: kumdhania mwenzako kuwa na hatia bila msingi wa kutosha. Nikakaa kitandani. Akanipa upande mmoja wa hedifoni.

Sasa niwaambie nilichosikia. Hiyo ni albamu ya mwaka 2004 ya bendi inayoitwa Machinae Supremacy, kutoka mji wa Luleå, kaskazini mwa Uswidi. Ni muziki wa metali, ule wa magitaa mazito ya umeme na ngoma za kasi. Lakini katikati ya magitaa kuna sauti nyingine, nyembamba, kama ya gemu za zamani. Nikadhani simu imeharibika. Mdogo wangu akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akanieleza kwamba sauti ile inatoka kwenye chipu ya muziki inayoitwa SID, iliyokuwa ndani ya kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982. Bendi wenyewe waliuita muziki wao "SID metal".

Chipu ile ina sauti tatu tu. Yaani kwa wakati mmoja inaweza kutoa noti tatu, basi. Wewe mwanakwaya fikiria kidogo: ukizitumia zote tatu kupiga noti za pamoja, hubakiwi na kitu cha besi wala cha melodia. Watunzi wa muziki wa gemu miaka ile walifanyaje? Walichukua sauti moja wakaifanya ipige noti tatu moja baada ya nyingine, haraka sana, mpaka sikio likadanganyika likasikia zinalia pamoja. Ule mtetemo unaousikia kwenye gemu za zamani unatokana na hapo. Sauti hiyohiyo moja ilikuwa inapiga besi, na katikati ya besi inageuka kuwa ngoma kwa kitambo kidogo, kisha inarudi kwenye besi. Hakuna aliyewaongezea sauti ya nne. Walizifanyia kazi zile tatu mpaka zikatoa vitu ambavyo huenda hata waliotengeneza chipu hawakuvitegemea. Na miaka mingi baadaye, vijana wa Uswidi waliokuwa na uwezo wa kupata kila ala ya kisasa waliifuata sauti ile wakaiweka mbele, pamoja na magitaa.

Nikamwambia, "Kumbe ni nzuri." Akajibu akiwa anaangalia dari, "Hiyo kitu ina sauti tatu tu, Fra. Mimi hata tatu sina."

Jamani, nilikosa la kusema. Kumbe wakati mimi nilisikia shetani, yeye alikuwa anatafuta pa kushika.

Usiku ule sikulala mapema. Nililifikiria jina la albamu. Kilatini chake kimepinda kidogo, lakini kila aliyesoma falsafa analijua neno lenyewe: deus ex machina, "mungu kutoka kwenye mashine". Katika michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale, hadithi ikishafungamana kiasi kwamba hakuna pa kutokea, walikuwa na mtambo, kama winchi, wa kumshusha jukwaani mwigizaji aliyevaa kama mungu. Akishuka, anakata kila fundo, mchezo umekwisha, watu waende nyumbani. Aristotle hakupenda. Katika kitabu chake cha Poetika anasema mwisho wa hadithi utokane na hadithi yenyewe, usitoke kwenye mtambo, na anautaja mchezo wa Medea kama mfano wa kosa hilo.

Hapo nikajiuliza swali ambalo nawaletea leo: tunaposali, tunamwomba Mungu yupi? Baba yetu, au mungu wa winchi?

Nikijipima mimi mwenyewe, mara nyingi naomba winchi. Naomba nisiwe mimi. Naomba mtihani ufaulike bila udhaifu wangu wa hesabu kuguswa, hasira iishe bila mimi kujifunza kunyamaza. Naomba sauti ya nne, ya tano, ya kumi. Isipokuja, nasema Mungu hakusikia.

Angalia sasa Injili ya Mathayo, sura ya 4. Shetani anamweka Yesu juu ya mnara wa hekalu na kumtaka ajitupe, malaika watamdaka. Hiyo ni winchi kabisa! Watu wote wangeona, mchezo ungekwisha siku hiyohiyo. Yesu anakataa. Na pale Kalvari, watu wanamtaka ashuke msalabani ndipo wamwamini. Anakataa tena. Ukombozi wetu haukuletwa kwa kuikwepa hadithi. Uliletwa na Mungu aliyeingia ndani ya hadithi, akazaliwa, akachoka, akalia, akafa, na kutoka ndani ya kaburi akafufuka.

Mtu ataniuliza, "Fra, kwa hiyo hakuna miujiza?" Ipo, naiamini. Lakini hebu tazama inavyofanyika. Kule Kana, watumishi waliambiwa kwanza wajaze mitungi maji. Kabla ya umati kula, kuna mtoto alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na Yesu alianzia hapo. Angeweza kuanza na hewa tupu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba neema haifuti maumbile ya mtu, inayakamilisha. Kwa lugha ya chumbani kwa mdogo wangu: Mungu hakutupi wewe na sauti zako tatu ili alete chombo kingine. Anapiga kwa hizohizo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kila umaskini ni mapenzi ya Mungu, wala kwamba kijana aliyesoma bila vitabu wala walimu wa kutosha aambiwe tu "ridhika". Hapana. Ukikuta mtu ananyimwa haki, piga kelele. Pia sisemi albamu hii ni katekisimu; si bendi ya Kanisa, na kila unachosikiliza kipime kwa dhamiri iliyofundishwa vizuri. Ninachosema ni kwamba kuna mipaka ambayo ukiisubiri iondoke ndipo uanze kuishi, utazeeka hujaanza. Paulo mtume aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa. Alipewa neema ya kutosha, akaendelea na safari akiwa na mwiba wake.

Asubuhi yake nilimwomba mdogo wangu msamaha. Si kwa mambo ya muziki tu. Nilimwomba msamaha kwa sababu siku aliyoanguka, kaka yake alikuja na hukumu kabla ya kuja na sikio. Akasema, "Yameisha, Fra." Tukanywa chai na Mama, na kwa mara ya kwanza tukazungumza habari za matokeo bila mtu kulia wala kufoka. Ameamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana anajifunza kutengeneza simu kwa fundi mmoja mtaani kwetu, jioni anasoma. Hesabu bado ni mlima kwake. Hakuna winchi iliyoshuka. Mama naye bado anasali novena, nami nasali naye, ila siku hizi naomba tofauti kidogo. Naomba Bwana amfundishe kupiga vizuri alichonacho.

Wewe msomaji, wiki hii keti dakika kumi mbele ya Ekaristi, au hata kitandani kwako, ujiulize: sauti zangu tatu ni zipi? Na je, kuna mtu nyumbani kwangu niliyemhukumu kabla ya kumsikiliza?

Tusali. Bwana Yesu, uliyekataa kujitupa kutoka mnarani na kukataa kushuka msalabani, utufundishe kukaa ndani ya maisha yetu tusiyakimbie. Pokea kidogo tulicho nacho, ukitumie. Utupe masikio ya kuwasikia wadogo zetu. Amina.