Kiharusi na Fardhi ya Jamaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tangu zamani watu wetu wa pwani wamekuwa wakipanda bara kwa biashara, na baadhi yao walifanya maskani Meru na Embu, wakaoa, wakazaa, wakazeeka huko. Ikatufikia habari kuwa baba au ami ameanguka kwa kiharusi, upande mmoja umelegea na ulimi umekuwa mzito, twasikitika, twamwombea, twatuma fedha kidogo. Kisha twasema: "Alhamdulillahi, yuko binti yake anamtazama." Neno hili ndilo tutakalo kulizungumza.

Yapasa kwanza tujue kiharusi ni nini. Si upepo, wala si jini aliyempiga mtu. Ni mshipa wa damu wa ubongo uliozibika au uliopasuka, na sababu yake kubwa ni shinikizo la damu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayefaa kupewa, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Basi ampelekaye mgonjwa kwa mganga wa kupunga pepo kabla ya hospitali amempotezea saa zisizorudi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na dua haikuwekwa ili ichukue pahali pa dawa.

Tena tujue kuwa kutoka hospitali ni mwanzo wa kazi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa 2 hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda. Hanyweshwi kitu mpaka ijulikane kuwa aweza kumeza, kisije kikaingia mapafuni. Mkono uliolegea hauvutwi anapoinuliwa, bali hutegemezwa. Viungo huzoezwa kila siku, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Pengine mtaalamu wa mazoezi yuko mjini Meru au Embu, na mgonjwa akaa shambani mlimani: ni kumbeba mpaka barabarani, kumpandisha matatu, na kumrudisha. Na aliyepotewa na maneno si lazima awe amepotewa na akili. Asisemwe mbele yake kama kwamba hasikii.

Je, kazi hii ni ya binti mmoja?

Wanavyuoni wamehisabu kuuguza mgonjwa katika fardhi za kifaya, na wengi wetu hujificha nyuma ya jina hilo. Lakini kifaya maana yake ni kutosheleza. Fardhi hii haituondokei kwa kuwa yuko mtu aliyeianza, ila kwa kuwa haja ya mgonjwa imetimia. Maadamu binti halali usiku, na mgonjwa hafikishwi kwenye mazoezi, fardhi ingali shingoni mwetu sote. Na amri ya kuwafanyia wazazi wema uzeeni, iliyomo katika Sura ya Al-Israa, haikuwahusu mabinti peke yao. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamemsamehe hata sala ya Ijumaa mwenye kuuguza mgonjwa asiye na mwengine wa kumtazama. Ikiwa Ijumaa imempisha mgonjwa, vipi duka la Mombasa lisimpishe?

Basi jamaa na wakutane wagawane. Mwenye mali achukue nauli na dawa za shinikizo, ambazo haziachwi kwa kuwa mgonjwa ameona nafuu. Mwenye nafasi apande akae mwezi, ili binti apumzike. Mwenye elimu amsaidie mgonjwa kutia udhu au kutayamamu, na kusali kwa kukaa, au kwa ubavu akishindwa, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Imran bin Husayn. Asiyeweza hata moja katika haya, apige simu kila siku azungumze na mgonjwa mwenyewe, amngoje atafute neno lake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe wanaowauguza, na asitujaalie kuwa katika wanaotupa mizigo yao juu ya wanyonge. Amin.